Kicheko Hukaa Wapi Ndani ya Filamu?

Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilitoa orodha ya filamu 100 za nchi hiyo zinazochekesha kuliko nyingine zote, na nafasi ya kwanza ikapewa Some Like It Hot, filamu ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Billy Wilder. Mwaka 2017 BBC iliwauliza wahakiki 253 kutoka nchi 52 swali linalokaribiana na hilo, safari hii bila kuwabana katika filamu za nchi moja, na nafasi ya kwanza ikaenda kwa filamu ileile. Baada ya hapo orodha hizo mbili zinaachana njia. Groundhog Day, iliyokuwa ya 34 katika orodha ya kwanza, ilipanda hadi nafasi ya 4 katika ya pili, wakati Tootsie, iliyokuwa ya 2, haikuonekana kabisa katika kumi bora za BBC. Anayefuatilia mabishano ya namna hii hushawishika kusema kwamba kila mtu na kicheko chake, na kwamba hapo hakuna la kufafanua. Mimi naona lipo, na nitalieleza kwa kupitia filamu ninazozipenda mwenyewe.

Ugumu wa jambo hili unaanzia kwenye kipimo. Mtu anaweza kuisifu filamu ya huzuni hata kama hakudondosha chozi, kwa sababu atasema imeigizwa vizuri na hoja yake ina uzito. Filamu ya kuchekesha haina utetezi wa aina hiyo: watu wakinyamaza imeshindwa, na hakuna maelezo yatakayowachekesha baadaye. Tena kicheko huambukiza, kiasi kwamba filamu iliyotikisa ukumbi uliojaa watu inaweza kumwacha mtu anayeitazama peke yake kwenye simu akiwa amekunja uso. Huenda ndiyo sababu watoa tuzo huiogopa fani hii. It Happened One Night ya Frank Capra ilizoa tuzo zote tano kuu za Oscar kwa filamu za mwaka 1934, na Annie Hall ikatangazwa filamu bora ya mwaka 1977, lakini mifano kama hiyo ni michache, na Buster Keaton, mchekeshaji wa enzi za filamu bubu, ambaye kwangu ndiye bingwa wa wote, hakuwahi kushinda Oscar ya ushindani. Alipewa ya heshima tu, akiwa mtu mzima, miaka mingi baada ya kazi zake kubwa.

Njia ninayoiona inasaidia ni kuacha kuuliza ni filamu ipi inachekesha zaidi na kuuliza kicheko chake kimewekwa wapi. Kinaweza kuwekwa katika habari za siku zile, katika maneno, katika mtu anayeigiza, au katika mpangilio wa tukio lenyewe. Karibu kila filamu huchanganya vyote hivyo kwa viwango tofauti, lakini havidumu kwa muda sawa, na hapo ndipo orodha zinapoanza kutofautiana.

Habari za siku huoza mapema kuliko vyote. Filamu inayowadhihaki wanasiasa wa mwaka fulani au filamu nyingine iliyotamba msimu uliopita huhitaji mtazamaji anayewakumbuka waliodhihakiwa, na watazamaji wa namna hiyo hupungua kila mwaka. Airplane! ya mwaka 1980 ilistahili kufa kwa ugonjwa huo, kwa kuwa ni mzaha uliojengwa juu ya Zero Hour!, filamu ya mwaka 1957 ambayo leo ni wachache mno walioiona. Kilichoiokoa ni uamuzi wa kuwapa nafasi waigizaji kama Leslie Nielsen na Robert Stack, ambao hadi wakati huo walijulikana kwa kazi za kikakamavu, na kuwaagiza waigize kana kwamba ndege inaanguka kweli. Nielsen hatabasamu hata mara moja kumjulisha mtazamaji kwamba hapa pana mzaha. Anasema upuuzi kwa sauti ya daktari anayetoa majibu ya vipimo, na kwa hiyo mtu asiyeijua Zero Hour! bado anacheka, kwa sababu kinachogongana ni uzito wa uso na wepesi wa maneno, na vyote viwili viko mbele ya macho yake.

Maneno hudumu kidogo zaidi, ila hayasafiri vizuri. Duck Soup ya ndugu wachekeshaji wa familia ya Marx, iliyotoka mwaka 1933, inaonyesha jambo hili ndani ya filamu moja. Groucho, mmoja wao, humwaga maneno kwa kasi kubwa, na mtu anayekielewa Kiingereza cha kawaida atapitwa na nusu yake. Kisha inakuja sehemu ya kioo: Harpo, ndugu yake, amekivunja kioo kikubwa usiku, amevaa kanzu ya kulalia na kofia kama za Groucho, na inambidi ajifanye sura ya Groucho kwenye kioo ili asikamatwe. Kila Groucho afanyalo, naye hulifanya. Wanazungukana, wanabadilishana pande, na Harpo anapoangusha kofia yake Groucho anaiokota na kumrudishia, naye anaipokea kwa shukrani, na mchezo unaendelea kana kwamba hakuna kilichoharibika. Hakuna neno linalotamkwa, na hakuna nchi ambayo sehemu hiyo ingehitaji mkalimani.

Watazamaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu tofauti hii vizuri kuliko wahakiki wengi wa Ulaya, kwa sababu tumekuwa na wasimulizi wa filamu. Nchini Kenya DJ Afro alijipatia jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na Dar es Salaam jina la Lufufu lilitajwa katika vibanda vya video kwa kazi hiyohiyo. Msimulizi hodari akifika mahali penye mzaha wa maneno huutupa na kutunga wake, mara nyingi ukiwa bora kwa hadhira iliyo mbele yake kuliko ule wa mwanzo. Akifika mahali ambapo steringi anateleza, anajificha au anakosewa kwa mtu mwingine, anapunguza sauti na kuiacha picha ifanye kazi yake.

Kuhusu kicheko kinachokaa katika mtu mwenyewe, mfano wetu mkubwa ni Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018. Ukiwauliza watu kumi wanaompenda wakutajie filamu yake iliyo bora, wengi watakusimulia uso wake, hasira zake za mzee asiyekubali kushindwa, na namna alivyolivuta neno mpaka likachekesha lenyewe. Jina la filamu halitakuja haraka. Nami ni hivyohivyo. Filamu nyingi alizocheza zilitengenezwa kwa fedha kidogo na kwa haraka, kamera ikiwekwa mahali pamoja ili imfuate yeye, na hazikuwa na haja ya zaidi ya hapo. Kicheko cha namna hii ni cha kweli kabisa, lakini kinamtegemea mtu aliyezoeleka na kupendwa kabla filamu haijaanza, na ndiyo maana ni vigumu kumweleza mgeni asiyemjua kwa nini ukumbi mzima ulianza kucheka pale Majuto alipofungua mlango tu.

Kinachodumu kuliko vyote ni kicheko kilichojengwa ndani ya mpangilio wa tukio, yaani ndani ya tofauti kati ya anachokijua mtazamaji na anachokijua mhusika. Filamu ninayoipenda kuliko zote ni somo kamili la jambo hilo. The General ya Buster Keaton, iliyomalizika mwaka 1926, inatokana na kisa cha kweli cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambapo mwezi Aprili 1862 wapelelezi wa Kaskazini wakiongozwa na James Andrews waliiba treni katika jimbo la Georgia na kufukuzwa na wenye treni yao. Keaton anamwigiza dereva, Johnnie Gray, anayependa vitu viwili duniani: kichwa chake cha treni na binti aitwaye Annabelle Lee. Anakwenda kujiandikisha katika jeshi la Kusini na kukataliwa. Sisi tumeshaijua sababu, kwamba dereva ana manufaa zaidi kuliko askari, lakini yeye haambiwi, na binti anamdhania mwoga. Anakwenda kuketi kwa huzuni juu ya chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya kichwa cha treni. Treni inaanza kwenda. Chuma kinampandisha na kumshusha, kinampandisha tena, naye hana habari mpaka anapokaribia kuingia bandani. Tukio hilo lilikuwa la hatari, kwa kuwa magurudumu yangeteleza na kuzunguka kwa kasi chuma kingemrusha au kumvunja, na Keaton aliketi pale mwenyewe.

Sehemu ya mzinga ndiyo ninayowaonyesha watu wanaodai kwamba filamu bubu hazina la kuwaambia. Johnnie anawafukuza wezi wa kichwa chake cha treni, akiendesha kingine kinachovuta behewa lenye mzinga. Anaujaza baruti, anawasha utambi na kurudi kwenye kichwa cha treni, lakini mguu wake unanasa kwenye kiungio na behewa linaachana na treni. Mtikisiko wa reli unaushusha mdomo wa mzinga kidogo kidogo mpaka unamwelekea yeye mwenyewe. Anakimbilia mbele ya treni, anajificha, anaugeukia mzinga kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Utambi unakaribia kwisha. Hapo reli inapinda, kichwa cha treni kinaingia kwenye kona, na katika sekunde ileile mzinga unalipuka: kombora linapita mahali alipokuwa na kutua karibu na treni ya wezi iliyo mbele, ambao sasa wanaamini kwamba wanafukuzwa na jeshi zima. Mtu mmoja asiyejua alichokifanya amewatia hofu maadui wake kwa kosa ambalo lingemuua. Hakuna kilichotokea kwa miujiza, kwa sababu kila hatua imezaliwa na hatua iliyoitangulia na kamera imewekwa mbali kiasi kwamba treni, mzinga, mtu na kona vinaonekana kwa pamoja. Keaton alijua kwamba kuikata picha vipandevipande kungemfanya mtazamaji ashuku, na mtazamaji mwenye shaka hacheki. Kwa sababu hiyohiyo, katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, alisimama kwenye alama iliyopimwa chini na kuacha ukuta wa mbele wa nyumba, wenye uzito wa takriban tani mbili, umwangukie ili apite katikati ya dirisha lililo wazi.

Karibu na mwisho wa The General, daraja linaungua juu ya mto. Jemadari wa Kaskazini anaamua kwamba bado lina nguvu na anaamuru treni ivuke. Daraja linaporomoka pamoja na kichwa cha treni cha kweli, katika mto Row karibu na Cottage Grove, Oregon, na tukio hilo hutajwa kuwa ghali kuliko yote ya enzi za sinema bubu. Kisha kamera inatuonyesha uso wa jemadari aliyetoa amri. Fedha zote zile zilitumika ili tufike kwenye uso huo. Wahakiki wa wakati ule hawakuipenda filamu, wanunuzi wa tiketi hawakujitokeza vya kutosha, na kufikia mwaka 1928 Keaton alikuwa amejiunga na kampuni ya MGM na kupoteza uhuru wa kutengeneza filamu zake kwa namna aliyoitaka. Mwaka 1989, miaka 23 baada ya kifo chake, The General ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuingizwa katika hifadhi ya taifa ya filamu za Marekani.

Charlie Chaplin alitumia mpangilio uleule kwa kusudi la kuumiza moyo. Alipotoa City Lights mwaka 1931, filamu zenye mazungumzo zilikuwa zimeshatawala, lakini yeye alibaki na muziki na ishara. Tatizo lililomtesa lilikuwa dogo kwa kulitazama: binti kipofu anayeuza maua atamdhaniaje mtembezi fukara kuwa tajiri, bila neno kutamkwa? Tukio hilo lilirudiwa mara 342. Jibu alilolipata ni mlango wa gari. Mtembezi anapita ndani ya gari la mtu ili kumkwepa polisi, anatokea upande wa pili na kuufunga mlango, na binti anausikia mlio wa mlango wa gari la kifahari. Kosa hilo moja la sikio linabeba filamu nzima mpaka dakika ya mwisho, binti anapoupapasa mkono wa mtembezi na kutambua. Nikilazimishwa kuchagua, namchagua Keaton kwa usafi wa kazi yake, ingawa katika filamu zake zote hakuna mwisho unaofikia huo wa Chaplin.

Sasa tunaweza kuona kwa nini Some Like It Hot inashika nafasi ya kwanza kila mara, japokuwa imejaa maneno, ambayo nimesema hayasafiri. Wanamuziki wawili wa Chicago wanashuhudia mauaji ya majambazi ya mwaka 1929, na ili wasiuawe wanavaa nguo za kike na kujiunga na bendi ya wanawake inayokwenda Florida. Kuanzia hapo, karibu kila sentensi ina wasikilizaji wawili: mhusika anayedanganywa, na sisi tunaoujua ukweli. Mtu anaweza kuyapoteza maneno na bado asiipoteze hali yenyewe, kwa hiyo hata anayesoma tafsiri chini ya picha hupata sehemu kubwa ya utamu. Wilder alikuwa pia fundi wa muda. Katika sehemu ambapo Jack Lemmon, anayemwigiza mmoja wa wanamuziki hao, anatangaza kwamba amechumbiwa na tajiri, alimpa manyanga ayatikise na kucheza baina ya sentensi, ili kicheko cha ukumbi kiishe kabla ya sentensi inayofuata kusemwa. Ukiitazama peke yako nyumbani, hapo unaona mapengo yaliyoachwa kwa ajili ya watu ambao hawapo. Na jibu la mwisho kabisa la filamu, analolitoa tajiri yule baada ya kuambiwa kwamba mchumba wake ni mwanamume, liliandikwa na Wilder na mwenzake I. A. L. Diamond kama kishikizo tu mpaka lingine bora lipatikane, halikupatikana.

Playtime ya Jacques Tati, ya mwaka 1967, siwezi kumpendekezea kila mtu. Tati alijenga mji mzima wa vioo na chuma nje kidogo ya Paris, akapiga picha kwa filamu pana ya milimita 70, akakataa kusogeza kamera karibu na uso wa mtu yeyote, na akamfanya mhusika wake maarufu, Monsieur Hulot, awe mmoja tu kati ya wapita njia. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayekuonyesha pa kutazama. Katika mgahawa uliofunguliwa kabla haujakamilika, mlango wa kioo unavunjika, na bawabu anaendelea kuwafungulia wageni kwa kushika kitasa kilichobaki hewani, nao wanapita kwa adabu. Ukiwa umetazama upande mwingine wa picha, limekupita. Filamu hiyo ilimfilisi Tati, na nusu yake ya kwanza ina dakika ambazo hata mimi huzivumilia tu, lakini usiku ule wa mgahawa, ambamo kila kitu kinaharibika na watu wanazidi kufurahi, sijaona mfano wake.

Groundhog Day ya Harold Ramis, iliyotoka mwaka 1993, inafanya jambo ambalo kila mchekeshaji hukatazwa kulifanya, yaani kurudia kichekesho kilekile. Mtangazaji wa hali ya hewa anaamka kila siku tarehe 2 Februari, saa 12 asubuhi, kwa wimbo uleule wa redio. Baada ya asubuhi chache mtazamaji ameikariri siku, na filamu inaweza kumwonyesha kipande kidogo tu, yeye akaijaza iliyobaki, na kujaza huko ndiko kunakomchekesha. Kuna wakati mswada wake ulieleza chanzo cha balaa hilo kuwa laana ya mpenzi aliyeachwa. Maelezo hayo yaliondolewa, na hakuna anayeyahitaji.

Imebaki filamu moja ambayo watu wa kwetu huniuliza kwa nini siiweki, nayo ni The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 1980. Swali lao ni la haki, hasa kwa kuwa nimeisifu The General, ambayo shujaa wake anaendesha treni kwa ajili ya upande uliopigania utumwa, na ambayo suala la watumwa karibu haligusi. Huo ni upungufu mkubwa. Hata hivyo mzinga, chuma cha magurudumu na daraja haviutegemei. Ukilihamishia tukio la mzinga katika vita vingine vyovyote litachekesha vilevile. Filamu ya Uys ina kipande kimoja cha aina hiyo, cha Land Rover isiyo na breki ambayo mwenyewe hawezi kuizima, na kipande hicho kimejengwa kwa ustadi ambao Keaton mwenyewe angeuheshimu. Lakini kicheko kikubwa kinachoibeba filamu, cha mwigizaji N!xau na chupa ya Coca-Cola iliyoanguka kutoka angani, kinahitaji tuamini kwamba watu wa jamii ya San walikuwa wakiishi kama watoto wasioujua ulimwengu, wakati ambapo wengi wao nchini Namibia walikuwa wamekusanywa katika makazi ya serikali na baadhi wakitumiwa na jeshi la Afrika Kusini vitani. Ukweli huo ukiingia kwenye picha, vichekesho vya chupa vinakosa pa kusimama. Kwa hiyo Land Rover naitazama kila inapoonyeshwa, na filamu nzima naiacha nje ya orodha yangu.